Kuvuta data ya bahari kwenye simu: yaliyotupata Mombasa na namna ya kuyaepuka

Programu yenyewe ni ndogo. Humwonyesha mvuvi au nahodha wa mashua mambo matatu: urefu wa mawimbi, nguvu ya upepo, na saa za maji kujaa na kupwa. Hesabu nzito hufanyika kwingine, kwenye seva za watabiri wa hali ya hewa. Simu ina kazi ya kuomba, kupokea, kuchambua na kuonyesha. Ukielezwa hivyo utadhani ni kazi ya siku chache, na kweli toleo la kwanza, lililokuwa likijaribiwa mezani kwa Wi-Fi ya ofisi, lilipatikana upesi. Muda, bando na usingizi vilitumika kwa yaliyofuata: kuhakikisha programu inasema kweli Mtongwe, Bamburi na Bandari ya Kale, kwenye simu za bei nafuu, mtandao ukija na kupotea.

Mifano hapa ni ya Android, kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu zake, kwa kuwa Android ndizo simu walizonazo watu wenyewe. Mengi yake yanamfaa pia anayeandikia iPhone.

Ombi la kwanza

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, fungua anwani ya huduma kwenye kivinjari cha kompyuta na usome jibu lote kwa macho yako. Kwa mawimbi tulitumia Open-Meteo, huduma ya mtandaoni ya utabiri wa hali ya hewa, ambayo kwa matumizi yasiyo ya kibiashara haihitaji ufunguo. Data yake hutolewa kwa leseni ya CC BY 4.0, kwa hiyo jina la chanzo lazima lionekane mahali kwenye skrini. Anwani ya ombi ni kama hii:

https://marine-api.open-meteo.com/v1/marine?latitude=-4.05&longitude=39.67&hourly=wave_height,wave_period&timezone=Africa/Nairobi&forecast_days=7

Tazama alama ya kutoa mbele ya 4.05. Mombasa iko kusini ya ikweta. Ukiisahau unajikuta nchi kavu upande wa Ethiopia. Ukizigeuza namba mbili, latitudo mahali pa longitudo, unatua Uhispania, kusini kidogo ya mji wa Toledo. Ukiiuliza huduma ya upepo kwa namba hizo zilizogeuzwa haitalalamika hata kidogo, itakupa upepo wa Uhispania ukiwa umepangwa vizuri saa kwa saa. Kosa hili ni jepesi kuingia kwa sababu muundo wa GeoJSON, unaotumiwa kuandika data ya ramani, hutanguliza longitudo, ilhali ramani nyingi na watu wengi hutanguliza latitudo. Saa za eneo nazo ziandikwe Africa/Nairobi. Africa/Mombasa haimo kwenye orodha ya kanda za saa.

Kwenye simu, anza na ruhusa ya INTERNET ndani ya AndroidManifest.xml. Bila ruhusa hiyo ombi halitoki. Pili, anwani iwe ya https. Kuanzia Android 9 mfumo huzuia http tupu, na iPhone ilianza kuzuia mapema zaidi, tangu iOS 9. Ukijaribu seva iliyo kwenye kompyuta yako kupitia simu ya bandia ya Android Studio, anwani ni 10.0.2.2, kwa kuwa localhost ndani ya simu hiyo ni simu yenyewe.

Tatu, usiombe chochote kwenye uzi mkuu wa programu, ule unaochora skrini. Tangu Android 3.0 mfumo hurusha NetworkOnMainThreadException na programu hujifunga palepale. Mafunzo mengi ya zamani bado yanaelekeza kutumia AsyncTask, ambayo iliachwa rasmi na Android 11. Tumia korutini za Kotlin, njia yake ya kufanya kazi pembeni bila kuuzuia uzi mkuu: viewModelScope.launch, na kazi ya mtandao iende Dispatchers.IO. Usisahau pia kwamba uchambuzi wa jibu kubwa ni kazi nzito yenyewe. Ukivuta data nje ya uzi mkuu halafu ukaichambua ndani yake, simu ya bei nafuu itakwama vilevile, na ikikaa sekunde 5 bila kuitikia kidole, mfumo humuuliza mtumiaji kama anataka kuifunga.

Kuna hitilafu moja ambayo ofisini hatukuwahi kuiona, na Mji wa Kale ilijitokeza mara tu programu ilipogawiwa. Kwenye baadhi ya simu ombi lilikataliwa na seva kwa kosa la 400, yaani ombi bovu, na simu hizo zote lugha yake ilikuwa Kiarabu. Msimbo ulikuwa ukitengeneza anwani kwa String.format("%.2f", latitudo), na amri hiyo hufuata lugha ya simu: kwa Kiarabu namba zinaweza kuandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, kwa Kifaransa nukta inageuka mkato. Seva haielewi hata moja kati ya hizo. Chochote kinachosomwa na mashine kipe Locale.US waziwazi, na anwani zijengwe kwa HttpUrl.Builder badala ya kuunganisha maneno kwa alama ya kujumlisha. Chochote kinachosomwa na mtu kifuate lugha ya mtu.

Muda wa kungoja

Maktaba tuliyotumia, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine kwa kazi ya kuomba na kupokea, ni OkHttp, na juu yake Retrofit. OkHttp kwa kawaida hungoja sekunde 10 kuunganisha na sekunde 10 kusoma. Wengi hudhani hiyo ina maana kwamba ombi zima halipiti sekunde 20. Sivyo. Muda wa kusoma huhesabiwa kati ya kipande cha data na kingine, basi mtandao unaodondosha baiti chache kila baada ya sekunde chache unaweza kulishikilia ombi kwa dakika nyingi huku gurudumu likizunguka kwenye skrini. Kikomo cha ombi zima ni callTimeout, na kisipowekwa hakipo. Sisi tuliweka 15 za kuunganisha, 20 za kusoma, na 45 kwa ombi lote.

Ombi likishindwa kwa sababu ya mtandao, rudia kwa kuongeza nafasi: sekunde 1, kisha 2, kisha 4, halafu acha. Seva ikijibu 429 maana yake umeomba kupita kiasi. Soma kichwa cha Retry-After na ukitii. Makosa mengine ya 400 na kitu usiyarudie, kwa kuwa ombi bovu litabaki bovu. Haya yote ni ya GET, yaani kusoma tu. Siku programu itakapoanza kutuma malipo kwa POST, usichukue utaratibu huu ukaubandika huko, utamkata mtu pesa mara mbili. Kila ombi la malipo lipewe namba yake ya pekee ambayo seva itaitambua likija tena.

Msimbo wa 200 hautoshi

OkHttp haichukulii 404 (kilichoombwa hakipo) wala 500 (seva imeharibikiwa) kuwa hitilafu. Kwake seva imejibu, na jibu ni jibu. Ni wewe wa kukagua response.isSuccessful, ambayo ni kweli kwa misimbo ya 200 hadi 299 pekee. Retrofit ikirudisha data moja kwa moja kupitia kitendaji cha suspend, yenyewe hurusha HttpException. Ujue unatumia ipi.

Hata ukipata 200, yaani yote sawa, mwili wa jibu unaweza kuwa ukurasa wa HTML. Huonekana pale seva ya kati inapotoa ukurasa wa matengenezo, au Wi-Fi ya hoteli inapotaka mgeni ajisajili kwanza. Dalili yake kwenye logi ni maneno haya, na ukiyaona usipoteze muda kuichokonoa sehemu ya uchambuzi:

Value <!DOCTYPE of type java.lang.String cannot be converted to JSONObject

Kagua kwanza kichwa cha Content-Type, kinachotaja aina ya data. Yetu huja kwa JSON, maandishi yaliyopangwa ili mashine iyasome. Kisipoanza na application/json, usichambue. Kwa https mara nyingi ukurasa wa kujisajili hautakufikia kabisa, utakutana na SSLHandshakeException badala yake, yaani simu na seva zimeshindwa kukubaliana juu ya muunganisho salama, mara nyingi kwa sababu ya cheti cha seva. Kosa hilohilo lina vyanzo vingine viwili vya kawaida. Saa ya simu inaweza kuwa imerudi nyuma baada ya betri kutolewa, na cheti cha seva kikaonekana hakijaanza kutumika. Au simu ni kuukuu: Android zilizotangulia 7.1.1 hazina cheti mzizi cha ISRG Root X1, ambacho Let's Encrypt hukitegemea. Kwa saa, mwambie mtumiaji kwa Kiswahili cha wazi: «Saa ya simu yako haiko sawa, irekebishe kisha ujaribu tena.» Kumwonyesha jina la hitilafu hakumsaidii.

Jambo dogo linalokula jioni nzima: mwili wa jibu la OkHttp husomwa mara moja tu. Ukiita body.string() ili uuandike kwenye logi, kisha ukaita tena ili uuchambue, unapata IllegalStateException: closed. Uhifadhi kwenye kigezo kwanza.

Sifuri inayodanganya

Hapa ndipo ningependa msomaji apunguze mwendo. Ukiacha ile ya kugeuza latitudo na longitudo, hitilafu nilizotaja hadi sasa huonekana: programu hujifunga, au hutoa ujumbe. Za uchambuzi hunyamaza. Na kwa mtu anayeamua kutoka au kutotoka baharini, namba isiyo kweli inayoonekana ya kweli ni mbaya kuliko skrini tupu.

Jibu la Open-Meteo huja na orodha sambamba. Ndani ya hourly kuna time yenye nyakati 168 kwa siku 7, na wave_height yenye namba 168. Wakati wa 40 ni wa namba ya 40, wala hakuna kingine kinachoviunganisha. Baadhi ya namba zinaweza kuwa null, yaani hakuna habari kwa saa hiyo. Sasa tazama njia tatu za kuharibu.

Ya kwanza ni kuondoa null mapema. Kotlin ina filterNotNull(), na mkono huenda huko wenyewe. Ukiiondoa null ya nafasi ya 12 kwenye orodha ya mawimbi bila kugusa orodha ya nyakati, kila wimbi linalofuata linasogea saa moja. Wimbi la saa kumi linaonyeshwa saa tisa, na grafu inapendeza vilevile. Unganisha kwanza kwa zip, kila wakati na wimbi lake, kisha ndipo utupe jozi zisizo na namba. Kagua pia kwamba orodha zote zina urefu mmoja, kwa sababu zip hukata iliyo ndefu bila kusema.

Ya pili ni maktaba inayojaza pengo. Ukitumia Gson, ambayo hugeuza JSON kuwa vitu vya Kotlin, na ukatangaza sehemu kuwa Double, kisha sehemu hiyo ikakosekana kwenye jibu, Gson haitoi kosa. Inaweka 0.0. Katikati ya kusi, wakati nje ya mwamba bahari imechafuka, simu inaandika mawimbi mita 0.0, na anayeisoma anaona shwari. Kotlin yenye sifa ya kuzuia null haikukingi, kwa kuwa Gson hukiunda kitu kwa mlango wa nyuma bila kupitia kijenzi chake. Ile org.json iliyomo ndani ya Android ina mitego yake pia: optInt hurudisha 0 pasipo na namba, na optString ikikutana na null hurudisha herufi nne «null», ambazo utazikuta zimeandikwa kwenye skrini kana kwamba ni jina la mahali.

Tulihamia kotlinx.serialization, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo, na tukatangaza waziwazi kipi kinaweza kukosekana:

@Serializable
data class KilaSaa(
    @SerialName("time") val nyakati: List<String>,
    @SerialName("wave_height") val mawimbi: List<Double?>
)

Alama ya kuuliza baada ya Double ndiyo yenye uzito. Humlazimisha anayeandika skrini aamue afanye nini pasipo na namba, na uamuzi wetu ulikuwa kistari na maneno «hakuna habari». Maktaba hii ni kali. Ikikosa sehemu isiyo na thamani ya akiba hurusha kosa, jambo ambalo ndilo tulilolitaka. Lakini hukataa pia sehemu mpya isiyoijua, kwa hiyo weka ignoreUnknownKeys = true, ama sivyo siku watoa huduma watakapoongeza sehemu moja kwenye jibu, simu zote zitakwama kwa pamoja asubuhi moja.

Njia ya tatu hutokea siku ya kuchapisha. Toleo la kutolewa hupitishwa kwenye R8, ambayo hufupisha majina ya sehemu ili programu iwe nyepesi. mawimbi inakuwa a. Gson hutafuta sehemu kwa majina yake, haizipati, na kila kitu kinakuwa 0 au null. Toleo la majaribio mezani liko sawa kabisa, lile lililowafikia watu lina sifuri tupu. Kila sehemu ipewe @SerializedName, na toleo la kutolewa lijaribiwe lenyewe kwenye simu halisi kabla halijapakiwa dukani.

Vipimo navyo vina hatari hiyohiyo. Huduma ya upepo ya Open-Meteo, usipoiambia vingine, hutoa kasi kwa kilomita kwa saa. Watu wa vyombo huhesabu kwa noti. Noti 20 ni kilomita 37 kwa saa, karibu maradufu, na tofauti hiyo ndiyo kati ya kutweka tanga na kubaki nyumbani. Omba wind_speed_unit=kn, kisha usome hourly_units ndani ya jibu lenyewe uthibitishe. Ukiandika kipimo kwa mkono kwenye skrini, siku ombi litakapobadilishwa na mwenzako, maneno yatabaki yaleyale juu ya namba tofauti.

Saa tatu

Nyakati za maji zilitoka kwenye seva nyingine, na zilikuja hivi: 2024-07-05T06:00:00Z. Ile Z ya mwisho inasema kwamba wakati huu ni wa UTC, saa ya marejeo ya dunia. Kenya iko saa 3 mbele, mwaka mzima, hatubadilishi saa kwa majira. Kwa hiyo 06:00 yenye Z ni 09:00 yetu.

Msimbo wa kuchambua ulikuwa ule unaonakiliwa kila mahali: SimpleDateFormat("yyyy-MM-dd'T'HH:mm:ss'Z'"). Tazama alama za nukuu zilizoizunguka Z. Zinamwambia mchambuzi kwamba hiyo ni herufi tu, airuke. Basi 06:00 inasomwa kuwa 06:00 ya hapa. Hakuna kosa, hakuna onyo, na namba inaonekana kama saa nyingine yoyote.

Kati ya maji kujaa kabisa na kupwa kabisa ni kama saa 6 na dakika 12. Kosea saa 3 na uko katikati ya mwendo, nusu ya safari. Mzee mmoja wa Mtongwe aliishika simu saa mbili asubuhi, akaitazama, akainua macho akaitazama bahari chini ya ngazi, akaitazama simu tena. «Mwanangu,» alisema, «hii yasema maji yapwa tangu saa kumi na mbili. Nami nayaona yajaa, na yatajaa mpaka saa tatu.» Hakuhitaji programu kulijua hilo. Lakini kijana anayeendesha boti ya watalii Nyali au Bamburi angeiamini, na wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya maji hapa hupita mita 3, mlango wa mwamba haupitiki saa yoyote utakayo. Angekuta maji yamemkimbia akiwa na abiria. Tulisimamisha ugavi wa programu siku hiyohiyo, na hofu ya lile lililokuwa karibu kutokea ilikaa nasi muda mrefu.

Tumia java.time: Instant.parse(...).atZone(ZoneId.of("Africa/Nairobi")). Huielewa Z yenyewe. Inahitaji Android 8, na kwa simu za nyuma zaidi washa desugaring, inayoziwezesha kutumia java.time, kwenye Gradle, chombo cha kujengea programu. Usitumie kanda ya saa ya simu. Maji ya Kilindini hujaa kwa saa za Mombasa hata kama simu imewekwa saa za Dubai na mwenye nayo alirejea juzi. Open-Meteo kwa upande wake, ukishaipa timezone, huandika nyakati bila Z wala alama yoyote, mfano 2024-07-05T09:00. Hizo zisome kwa LocalDateTime. Huduma mbili ndani ya programu moja, namna mbili za kuandika wakati: kila moja iwe na kitendaji chake, vyote vitoe aina moja, na skrini isione maandishi ya asili kamwe.

Kisha kuna kumwonyesha mtu saa anavyozitaja. 09:00 ni saa tatu asubuhi. Hesabu ni saa = (h + 6) % 12, na ikitoka 0 andika 12. Zigeuzwe hapo mwisho kabisa, wakati wa kuchora skrini tu. Saa ya Kiswahili ikiingia kwenye hifadhi au kwenye ombi la seva, hutaweza kuitofautisha na ile nyingine. Na maji ya saa nane usiku chini ya kichwa cha «Ijumaa» yanachanganya, mwingine atatoka Ijumaa usiku. Tuliandika «usiku wa kuamkia Ijumaa», na maswali yakaisha.

Bando na data iliyolala

Jibu la siku 7 lenye mawimbi na vipindi vyake ni kama kilobaiti 5, na likibanwa kwa gzip hupungua sana. OkHttp huomba gzip yenyewe na kuifungua yenyewe, mradi usiandike kichwa cha Accept-Encoding kwa mkono. Ukikiandika, imekuachia kazi ya kufungua, na mchambuzi atapokea baiti zisizosomeka. Kwa hiyo data yenyewe haili bando. Kinachokula ni kuomba ovyo: kila skrini ikifunguliwa, kila simu ikigeuzwa kulala au kusimama. Utabiri haubadiliki kila dakika. Weka data kwenye hifadhi ya Room, yaani hifadhidata iliyo ndani ya simu, skrini isome hapo daima, na mtandao uwe kazi ya kuijaza hifadhi. Hivyo programu inafunguka hata nje kabisa, mtandao ulikokwisha.

Lakini data iliyohifadhiwa huzeeka, na lazima umri wake uonekane. Juu ya kila skrini tuliandika «Imesasishwa leo saa kumi na moja alfajiri». Ikipita saa 12 maandishi huwa mekundu, ikipita saa 48 namba za mawimbi na upepo hufichwa kabisa. Kuna waliolalamika kwamba afadhali kitu kuliko kukosa. Kwa nyakati za maji wana haki, hizo huhesabiwa kwa mwendo wa mwezi na jua na hazichakai, tukaziacha. Kwa upepo tulikataa, na tungali tunakataa.

Kusasisha nyuma ya pazia hufanywa na WorkManager, mpangaji wa kazi wa Android. Muda wake mfupi kabisa ni dakika 15, na wetu ni saa 6, kwa sharti la NetworkType.CONNECTED. Usizipe simu zote saa moja ya kuamka, zitaivamia seva kwa pamoja. Ongeza dakika chache za kubahatisha kwa kila simu. Na mistari ya mtandao juu ya skrini isikupe imani: simu isiyo na bando huonyesha mistari yote. Kagua NET_CAPABILITY_VALIDATED, inayosema kwamba mtandao umejaribiwa na unafika nje. NET_CAPABILITY_INTERNET husema tu kwamba ulikusudiwa kufika.

Seva yako katikati

Ufunguo wa huduma ya kulipia usikae ndani ya programu. Faili ya APK, yaani programu ilivyofungashwa, hufunguliwa na yeyote mwenye kompyuta, na ufunguo wako utatumiwa na wengine kwa gharama yako. Hilo peke yake latosha kukufanya uweke seva ndogo katikati: simu zinaiuliza seva yako, seva yako inaviuliza vyanzo. Tulikwepa hatua hii mwanzoni kwa sababu ya gharama. Seva hulipiwa kila mwezi, mara nyingi kwa dola, shilingi ikiteleza bili inapanda, na lazima awepo mtu wa kuitazama usiku. Kwa mradi usioingiza pesa, hilo linauma.

Hata hivyo ndilo lililotupa nafuu kubwa kuliko yote. Chanzo huulizwa mara moja kwa saa, hata simu zikiwa elfu. Vipimo, null na nyakati husafishwa mahali pamoja, na simu hupokea muundo mmoja mwepesi. Chanzo kikibadilisha jina la sehemu, unarekebisha seva na watu hawajui kulitokea nini. Bila seva ungelazimika kutoa toleo jipya na kungoja kila mtu alipakue kwa bando lake, na kuna ambao hawatalipakua kamwe. Weka namba ya toleo kwenye anwani tangu siku ya kwanza, mfano /v1/, kwa kuwa simu za zamani zitaendelea kuiuliza kwa miaka. Tuma pia ETag, alama ya kutambulisha toleo la data: simu ikiuliza tena na hakuna jipya, seva hujibu 304 bila mwili.

Kwa majaribio, MockWebServer ya OkHttp hukuruhusu kuitunga seva mbaya kwa makusudi. Tuliipa majibu ya HTML yenye 200, orodha zenye null katikati, orodha zisizolingana urefu, 503, JSON iliyokatika nusu, na throttleBody(1024, 1, TimeUnit.SECONDS) ili jibu lije kilobaiti moja kwa sekunde. Kila moja ina ujumbe wake wa Kiswahili unaotarajiwa, na jaribio hushindwa usipoonekana. Majaribio ya saa huendeshwa mara mbili, kompyuta ikiwa kwenye UTC na ikiwa kwenye Africa/Nairobi, kwa sababu seva nyingi za kujengea programu huwa kwenye UTC, na huko lile kosa la Z halionekani kabisa. Kabla ya kila toleo mmoja wetu huenda ufukweni na simu ya bei ya chini, huizima data na kuiwasha tena, kisha hulinganisha saa za maji kwenye skrini na jedwali la maji ambalo Mamlaka ya Bandari ya Kenya hulitoa kwa ajili ya Kilindini. Zikipishana kwa zaidi ya dakika 15, toleo halitoki.